Boma Lililogombana kwa Kunong'ona

Nilipokuwa mtoto kule Kabuchai, watu wa boma letu walikuwa wakigombana kwa kunong'ona. Aliyekulia mahali ambapo watu hutoleana maneno mpaka majirani wakatoka nje kutazama ataona ninatania, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ndugu yangu Wafula, anayenifuata, akininyang'anya kiazi, nilimshika shati, nikamvuta karibu, nikamwambia sikioni kwamba yeye ni mwizi na Mungu amemwona. Naye alinijibu vivyo hivyo, sikioni, mate yakinirukia. Mgeni aliyepita njiani alidhani watoto wale wanapendana ajabu.

Sababu ilikuwa nyuki. Nyuma ya jiko palikuwa na mizinga ya magogo ambayo babu aliichonga kabla sijazaliwa, akaitundika juu ya miti ya siala. Babu alipokufa, nyanya ndiye aliyebaki na amri juu ya nyuki hao. Tulimwita Kukhu, kama wajukuu wa Kibukusu wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa mfupi, mwenye miguu ya haraka, na alivuta kiko cha tumbaku ya Malakisi iliyonuka mpaka kwenye blanketi lake. Moshi huohuo ndio aliowapulizia nyuki siku ya kurina asali, na wao walimheshimu kama sisi tulivyomheshimu.

Kukhu alisema nyuki hawakai katika boma lenye makelele. Wakisikia watu wanazozana, wanahama. Na wakihama, boma nalo linavunjika: watu watatawanyika, kila mtu na njia yake, na jiko litaota nyasi. Alikuwa na ushahidi. Ng'ambo ya mto palikuwa na boma la ndugu wawili waliopigana kwa ajili ya mpaka. Nyuki wao walihama, na kabla ya mavuno mmoja akahamia Malakisi, mwingine akawa mlevi wa kulala mitaroni. Tulipokuwa tukienda sokoni Chwele, Kukhu alitupitisha hapo makusudi na kutuonyesha lile jiko kwa ncha ya kiko. Kweli lilikuwa limeota nyasi. Mtoto kama mimi ningebisha vipi?

Mama aliikuta amri hiyo alipoolewa. Yeye alitoka upande wa Kitale, kwa watu wa sauti kubwa, watu wanaosalimiana mtu akiwa bado upande wa pili wa shamba. Baba yake alifanya kazi katika shamba moja kubwa la matunda, na siku mama alipokuja kwetu alileta sanduku la nguo na miche iliyopandwa kwenye pakiti za maziwa. Ilikuwa miche ya avokado na ya makadamia. Watu walimcheka sana. Ati bibi arusi amekuja na msitu! Avokado waliijua, lakini makadamia hakuna aliyeijua, na mama alipowaeleza kuwa ni karanga zinazozaa juu ya mti, walicheka zaidi.

Kukhu alimgawia kipande cha nyuma ya jiko, karibu na mizinga, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekitaka. Ng'ombe hakuweza kufungwa pale. Mtu akilima pale jua likiwa kali, alikimbia nyuki, jembe akaliacha. Mama alijifunza kuingia asubuhi mapema, bila sabuni ya kunukia, na alimwagilia miche yake maji aliyooshea vyombo. Nyuki walimzoea. Miti ikapanda, avokado zikaanza kuzaa, na zilipochanua nyuki walijaa pale mpaka ukikaa jikoni unasikia mvumo wao. Kukhu mwenyewe alikiri kwamba tangu miti ile ianze kuchanua, asali imekuwa nyingi. Alikiri mara moja tu, na alikuwa ametazama pembeni.

Makadamia zilichelewa. Zilipozaa mwishowe, maganda yake yalitushinda. Tuliweka karanga kwenye ufa wa kizingiti, tukaiponda kwa nyundo ya baba, ikaruka, ikapotea chini ya kitanda. Ile iliyovunjika vizuri tuligawana vipande vidogo, na mama alitutazama tukila. Nadhani hakuna chakula kingine kilichowahi kumfurahisha namna hiyo, na yeye mwenyewe hakuonja.

Sasa nije kwa baba. Sitaki umchukie, maana hata mimi sikuweza. Alikuwa mtu mpole, hakutupiga ovyo, na akitoka Sirisia siku ya soko alituletea mandazi. Lakini aligundua mapema kwamba ile imani ya Kukhu inamfaa. Aliuza mtamba ambao mama alipewa na kwao, hakumwambia. Mama alipofungua mdomo, baba aliinua kidevu kuelekea nyuma ya jiko na kusema taratibu, "Nyuki, Mama Nekesa." Mimi ndimi Nekesa. Alirudi amelewa akamwaga uji wa watoto, mama akafungua mdomo. "Nyuki, Mama Nekesa." Na mama, ambaye kwao mtu husema mambo yake yakasikika, alifunga mdomo. Hakutaka kuwa mke mgeni aliyefukuza nyuki wa watu.

Baba alikuwa na mahali pa kupigia kelele. Kwenye pombe ya busaa huko senta, penye maduka, watu walimjua kwa sauti yake, na tulikuwa tukiisikia ikija njiani, kisha ikizimika ghafla alipofika langoni. Mama hakuwa na senta. Siku moja nilimfuata mtoni alikokwenda kufua, nikamsikia anaongea kabla sijamwona. Nilidhani yuko na mtu. Alikuwa peke yake, amechutama juu ya jiwe, anapigapiga suruali ya baba na kuiambia yote: mtamba, uji, dada za baba wanaomwita mtu wa kuja. Aliiambia kwa sauti yake ya Kitale, ile kubwa. Aliponiona aliacha, akakamua suruali, akaniambia nibebe beseni. Tulipanda mlima, yeye mbele, mimi nyuma na beseni.

Halafu ikaja miwa. Wakati huo kila mtu alikuwa akipanda miwa, na kampuni ya sukari ilitaka mashamba yaliyo wazi, trekta ipate mahali pa kugeukia. Shamba letu lilitosha, isipokuwa kile kipande cha mama kilichoingia katikati. Baba alikubaliana na watu wa kampuni akaja nyumbani akala ugali wake akalala. Mama alipata habari kwenye posho mill tulikosagia mahindi, kutoka kwa mwanamke aliyedhani mama anajua tayari. Usiwahi kupata habari ya nyumba yako kwenye posho mill. Unabaki umesimama na debe lako, watu wanakutazama, unajifanya ulijua.

Jioni hiyo alimuuliza baba tukiwa mezani. Alinong'ona. "Baba Nekesa, ni ukweli unataka kukata miti yangu?"

Baba alimega ugali. "Miti ya nani?"

"Yangu. Nilileta mwenyewe."

"Kwa shamba ya nani?"

Mama alivuta pumzi, nikaona kifua chake kinapanda, nikajua sauti inakuja. Baba naye aliiona. "Nyuki," akasema. Kukhu alikuwa pale pale karibu na moto. Alitoa kiko mdomoni, akawatazama wote wawili, akakirudisha. Mimi na Wafula tulikula haraka tukaondoka.

Hazikupita siku nyingi, baba akaja asubuhi na vijana waliobeba msumeno wa mashine. Mama alikuwa ametumwa kusaga. Sijui kama ni baba aliyechagua saa ile au ilitokea tu, na mpaka leo sijaamua. Makadamia na avokado zote zilikuwa zimechanua. Kijana mmoja alivuta kamba ya mashine, ikakohoa, akavuta tena, ikaunguruma, na kelele zile sikuwahi kusikia mfano wake katika boma letu. Kuku walikimbilia chini ya ghala. Mbwa alitoroka. Avokado ya kwanza ilianguka na maua yake, kisha nyingine, na moshi wa petroli ukapanda mpaka kwenye mizinga. Nyuki walitoka, wakazunguka, wakarudi, wakatoka tena. Nilimtazama Kukhu. Alikaa mlangoni pake na kiko kilichozimika.

Mama alikuja na debe la unga kichwani. Alisimama penye kona ya jiko. Avokado zote zilikuwa chini, na kijana yule alikuwa tayari anaingia kwenye makadamia. Mama alitua debe polepole, akaliweka vizuri lisimwagike. Kisha akapiga kelele.

Wacha tu. Sijawahi kusikia sauti kama ile, na nimeishi na watu wengi. "Baba Nekesa! Mimi nimechoka! Umeuza ng'ombe yangu nikanyamaza! Umenitukania watoto nikanyamaza! Miti ilikukosea nini? Miti imekula chakula ya nani?" Mashine ilizimwa. Baba alikuja mbio, mikono mbele, akisema nyuki, nyuki, Mama Nekesa, nyuki. Mama akamwambia, "Waende! Kama ni mimi nawafukuza, waende!"

Na wakaenda. Walitoka wote kwa pamoja, wakaifanya hewa iwe nyeusi. Vijana wale walitupa msumeno wakakimbia kuelekea barabarani, mmoja na shati kichwani. Baba alijifungia chooni. Mimi na Wafula tuliingia chini ya kitanda tukajifunika blanketi, na huko chini tulikuwa bado tunanong'onezana. Tulipotoka, mvumo ule tuliouzoea haukuwepo tena. Kukhu alikwenda polepole mpaka kwenye mizinga, akainua fimbo, akagonga gogo moja, akatega sikio. Akagonga la pili.

"Wameenda," akasema.

Baba zangu wadogo na wazee wa ukoo walikuja kukaa kikao. Walikubaliana haraka, kama watu wenye njaa wanaongoja chakula kiive. Mke ameinua sauti, nyuki wamehama, mambo yako wazi. Atoe kondoo, boma lisafishwe, na yeye aombe msamaha mbele ya mizinga. Mama alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Na ile mashine? Tangu asubuhi ilikuwa inanong'ona?"

Mtu mmoja alikohoa. Mzee mmoja akasema, "Mnaona? Hata sasa bado anapayuka." Baba alitazama chini. Nilimwona vizuri, kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na nilikuwa nikingoja aseme. Alikuwa na kijiti mkononi, akachora mstari vumbini, akaufuta, akachora tena.

Kesho yake mama alifunga nguo zake katika lile sanduku alilokuja nalo. Mimi alinichukua twende kwao Kitale. Wafula akabaki, kwa sababu mtoto wa kiume hubaki kwao, walisema. Niliona Wafula analia bila kutoa sauti, mdomo wazi, na hiyo ndiyo picha inayonirudia nikiwa nimechoka sana.

Tulipofika langoni, Kukhu alitufuata na zile hatua zake za haraka. Alimpa mama bonge la nta lililofungwa kwenye jani la mgomba. "Upake ndani ya mzinga," akasema. "Watakuja." Mama aliipokea ile nta. Katika mfuko wa sweta alikuwa ameshatia makadamia za kupanda.

Kwa hiyo Kukhu alisema kweli, au sivyo? Nyuki walihama, na boma likavunjika. Wafula alipokua alikwenda Nairobi na huwa harudi mpaka kuwe na mazishi. Kukhu alikufa. Miwa ilistawi misimu kadhaa, kisha ikakaa shambani ikingoja trekta mpaka ikakauka. Baba akabaki peke yake. Kwa miaka mingi watu wa kule, wakitaka kumkanya msichana mwenye mdomo, walimtajia mama yangu. Aliyefukuza nyuki. Alikutana na jina hilo hata kwenye harusi za watoto wa dada zake hapa Kitale, na kila alipolisikia alishika kikombe chake kwa mikono miwili.

Mimi nimekuwa mtu wa miti na nyuki bila kupanga. Kipande chetu kiko nje kidogo ya mji wa Kitale, na zile makadamia za mfuko wa sweta ndizo zilizozaa miti ninayookota chini yake mpaka magoti yananiuma. Kila mtu anakuambia upande makadamia, hakuna anayekuambia kuhusu mgongo. Unaokota umeinama, unamenya ganda la kijani, unaanika, unachagua mbovu, na mvua inakuja kabla hujamaliza. Mizinga yangu ni ya masanduku, lakini wa kwanza ulikuwa wa gogo, na mama aliupaka nta ya Kukhu kwa vidole vyake. Nyuki walikuja. Wanaotufundisha kwenye kikundi cha wakulima wanasema nyuki huhama kwa sababu ya moshi, mtikisiko, kivuli kikikatwa, chakula kikikosekana. Nimesikia somo hilo nikitikisa kichwa. Nyumbani sikulirudia. Nilijua mama alilijua tangu siku ya kikao, na kulijua hakukumsaidia chochote.

Kilichonichosha zaidi ya makadamia ni hiki: kila mama alipofika karibu na mizinga yangu, alinong'ona. Mwanamke aliyetoka kwa watu wa sauti kubwa, amezeeka, yuko kwake, hana wa kumwogopa. Ukimuuliza kama atakunywa chai, akiwa hapo anakujibu kwa midomo tu. Nilimwambia, "Mama, sema tu, hakuna mtu." Alitabasamu, akainua kidevu kuelekea kwenye masanduku.

Mwaka jana, makadamia zikiwa zimechanua, baba alikuja. Alinipigia simu akiwa tayari ameshuka stendi. Nilimkuta amekalia gunia. Amekonda, shati lake limemzidi. Ndani ya gunia kulikuwa na makadamia. Siku ile vijana walipotupa msumeno, miti miwili ilibaki imesimama, na hakuna mtu aliyethubutu tena kuigusa. Alikuwa akiziokota karanga zake mwenyewe.

Mama alikuwa chini ya miti, karibu na mizinga, anachagua mbovu na nzima. Hakusimama. Nilimletea baba kigoda. Alikaa mbali kidogo, gunia kati ya miguu yake, akatazama masanduku, akaanza kusema. Niliona midomo yake inakwenda tu. Alikuwa ananong'ona.

"Sikusikii," mama akasema.

Baba alisogea, akanong'ona tena. Nilisikia neno nyumbani, na neno kimya.

"Baba Nekesa, sikusikii. Sema kwa sauti." Na mama mwenyewe alisema kwa sauti, hapo hapo, mbele ya mizinga.

Mzee aliinua kidevu kuelekea kwenye masanduku, kama zamani. Nadhani hata hakujua anafanya hivyo. "Nyuki," akasema.

"Waache wasikie."

Alikaa. Akavua kofia, akaiweka juu ya goti, akaiondoa. Halafu akasimama, na sauti ikamtoka imekwaruza, ile ya senta, ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya boma. "Ni mashine yangu iliwafukuza! Si wewe! Nilijua siku ile ile! Wazee waliponiangalia nilijua, na nikanyamaza!"

Jirani alichungulia juu ya ua. Machozi yalikuwa yakishuka kwenye mikunjo ya uso wa baba bila yeye kuyapangusa. Mimi nilitazama milango ya mizinga. Sikuweza kujizuia, nimelelewa na Kukhu. Nyuki walitoka, wakaenda kwenye maua, wakarudi, wakaendelea na kazi yao.

Mama aliendelea kuchagua karanga mpaka akafika chini ya ungo. "Haya," akasema. "Nimesikia."

Alimpikia. Walikula, wakaulizana habari za watu waliokufa. Baba aliomba yeye na mama warudi Kabuchai, kwa sababu lile jiko linaota nyasi, na mama akamwambia, kwa sauti ambayo nadhani barabarani waliisikia, kwamba nyasi hufyekwa. Akamjazia chupa ya asali. Jioni nilimsindikiza baba stendi, na gunia lake tupu limekunjwa kwapani.

Niliporudi, mama alikuwa bado amekaa pale pale chini ya makadamia, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa isiyofuata tyuni. Nilikaa kando yake, nikanyoosha magoti. Uchovu wa miaka ile yote ulinishika nikashindwa hata kuingiza karanga ndani. Mvumo wa nyuki ulikuwa juu yetu. Hawakwenda popote. Mama naye hakwenda popote.